Jaraha na Jeraha

Mara ya kwanza kuiona Rafiki nilikuwa nimeketi sakafuni kwenye chumba cha kukodi Manyatta, hapa Kisumu. Pazia limefungwa, na sauti ya laptopu imepunguzwa hadi ikabidi tusogeze vichwa karibu kama watu wanaosengenya. Tulikuwa watano. Filamu ilikuja kwa flashi, flashi ilikuja ndani ya soksi, na mwenye soksi alikuwa ameshuka basi la Nairobi asubuhi hiyo. Ilikuwa mwisho wa 2018. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilikuwa imeipiga marufuku tangu Aprili, ikaonya kwamba hata kupatikana nayo ni kosa. Sasa hebu fikiria: wasichana watano, watu wazima, tumejifungia ndani kuangalia filamu ambayo kwa muda mwingi hakuna linalofanyika ila wasichana wawili kujiburudisha.

Kwa kweli ni hivyo tu. Kena anacheza mpira na vijana wa mtaa. Anapita kwenye barabara za Slopes juu ya sketibodi. Ziki na marafiki zake wanacheza densi njiani kama vile barabara ni yao. Baadaye wawili hao wanapanda juu ya paa la ghorofa, wanakaa, wanapiga story. Wanaenda klabu, wanapakwa usoni rangi zinazong'aa gizani. Wanapata gari bovu lililoachwa, wanalipamba, linakuwa chumba chao. Ukiondoa siasa za baba zao, ambao wote wawili wanagombea kiti kimoja, filamu hii ya Wanuri Kahiu ni orodha ya namna mtu mwenye miaka kumi na tisa anavyoweza kupoteza muda vizuri.

Mwezi uliopita nimeirudia, safari hii peke yangu, na earphone masikioni. Nilitaka kujua kama bado ni nzuri, ama tuliipenda kwa sababu tuliiona kwa kujificha. Bado ni nzuri. Lakini kuna kitu sikukiona 2018, na nadhani kina maana kwa yeyote anayeandika ama kutengeneza hadithi kuhusu mashoga, wasagaji na watu wengine kama hao hapa kwetu.

Tuanze na marufuku yenyewe. Mei 2018 Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye ratiba rasmi ya tamasha la Cannes. Nyumbani ilikuwa tayari haramu. Sababu rasmi ilikuwa kwamba inaendeleza usagaji, kinyume cha sheria. Lakini Kahiu ameeleza zaidi ya mara moja kwamba Bodi ilimtaka abadilishe mwisho wa filamu. Mwisho wenyewe ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Hao wasichana hawakuonekana kujuta vya kutosha. Akakataa. Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany akaondoa marufuku kwa siku saba, ili filamu iweze kufikiriwa kwa tuzo za Oscar, na watu Nairobi wakapiga foleni. Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi.

Hapo ndipo pa kukaa kidogo. Kama wasichana hao wangelia mwishoni, wakaomba msamaha, mmoja akaolewa na mwingine akafa, kuna uwezekano filamu ingepita. Hadithi ya mateso inavumilika. Inamwacha mtazamaji aende nyumbani akijua kwamba dunia iko vile alivyoiacha. Kisichovumilika ni mtu wa aina hiyo kuwa na Jumapili nzuri.

Na tusiisukumie Bodi peke yake lawama hizi. Sisi waandishi tuna mazoea yaleyale, tofauti ni kwamba sisi tunayaita huruma. Nimeandika vipande viwili vya kulipwa kuhusu watu wa jamii hii hapa Kisumu, na mara zote mbili mhariri aliniuliza swali moja: alifukuzwa nyumbani? Alipigwa? Nikisema hapana, anauza vipuli vya pikipiki na Jumamosi anaenda kucheza ohangla, naambiwa hapo hakuna story. Wahariri hao si watu wabaya. Wanataka msomaji ahisi kitu. Ila wamezoea kwamba kitu cha kuhisiwa kwa watu hawa ni uchungu.

Kwa Kijaluo, mtu wa raha anaitwa jaraha. Ni jina la sifa, ingawa mamako anaweza kulitumia kukuonya. Jaraha anajua bendi gani inapiga wapi, anajua samaki wa nani ana pilipili ya maana, na akiingia mahali watu wanasogeza viti. Badilisha irabu moja tu, useme Kiswahili, unapata jeraha. Naona kama hadithi zetu nyingi kuhusu watu hawa zimeandikwa na mtu aliyekosea hiyo irabu moja.

Kahiu alilijua tatizo hili kabla ya kupiga filamu. Amekuwa akitetea sanaa anayoiita Afrobubblegum: sanaa ya Kiafrika yenye furaha, ukali na upuuzi wa makusudi, isiyobeba ukimwi, vita na njaa kama karatasi ya mwaliko. Hata ametoa vipimo vyake. Je, katika kazi hiyo kuna Waafrika wawili au zaidi walio na afya njema? Je, wako sawa kifedha, hawangoji kuokolewa? Je, wanafurahia maisha? Ukijibu ndiyo kwa maswali mawili au zaidi, umefaulu.

Napenda vipimo hivi. Nimevitumia kwenye filamu nyingi na nyingi zimeanguka. Lakini hicho cha pili kinanisumbua, na kadri ninavyoishi Kisumu ndivyo kinavyonisumbua zaidi.

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Sisemi hivi ili nionewe huruma, nimeshaizoea. Nasema kwa sababu tangu hapo sijawahi kuwa sawa kifedha hata mwezi mmoja, na hiyo miaka ndiyo nimecheka zaidi maishani. Wale watano wa chumba cha Manyatta tulikuwa timu ya mpira. Si timu rasmi. Tulikuwa tunacheza Jumapili mchana kwenye uwanja wa shule moja ya msingi, saba kwa saba, mara nyingine na mpira uliotobolewa na michongoma ukashonwa. Tukimaliza tunachanga, tunapanda tuktuk mbili hadi Dunga, tunakula ngege mmoja mkubwa kwa kuon, watu saba, mkono kwa mkono. Wengi wetu tulikuwa wale ambao Kifungu cha 162 kinawafikiria. Wengine hawakuwa. Hakuna aliyeuliza orodha.

Kwa kipimo cha pili cha Kahiu, tulikuwa tumeanguka. Na ukiitazama Rafiki vizuri utaona pesa inafanya kazi kimyakimya. Hawa ni watoto wa wanasiasa. Ziki ana nywele ambazo kwa bei zake ningelipa kodi ya nyumba. Muda wao ni mwingi na hauulizwi. Hakuna anayewaambia kwamba omena inangoja kuanikwa. Filamu haisemi uongo kuhusu hili, lakini pia haitazami. Inachukulia kwamba starehe ni kitu kinachoanza pale shida inapokwisha. Mtaani kwangu starehe inaanza katikati ya shida, kwa mchango, na inakwisha saa kumi na mbili na nusu kwa sababu baada ya hapo tuktuk zinapandisha nauli.

Kitu cha pili ambacho sikukiona 2018 ni kikubwa zaidi. Raha yote ya maana katika Rafiki ni ya watu wawili. Kena na Ziki wanapanda juu ya paa ili wawe mbali na wale walio chini, na huko wanaahidiana kutokuwa kama wao. Gari bovu linapambwa kwa ajili ya wawili. Hata kwenye klabu kamera inawatoa kwenye umati, inawafunika na rangi, wanabaki peke yao. Timu ya mpira ya Kena ni ya vijana wanaotaniana kwa matusi kuhusu mashoga. Marafiki wa Ziki ndio wanaokuja kumpiga Kena. Mtaa mzima umejaa macho, yakiongozwa na Mama Atim pale kwenye kibanda chake. Kwa hivyo umati unapowatoa garini na kuwapiga, filamu haina mtu wa tatu wa kuwakimbilia. Ilikuwa imewafundisha kwamba furaha ni mahali pa kujificha, na maficho yakishavunjwa hakuna kinachobaki.

Najua Kahiu alikuwa anafuata kitabu. Filamu imetokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine 2007. Jambula ndiyo zambarau yetu. Hiyo hadithi inatokea Nakawa, Kampala, upande wa pili wa hili ziwa letu, na ni barua kutoka kwa Anyango kwenda kwa Sanyu, aliyepelekwa London baada ya wawili hao kukutwa chini ya mti usiku. Aliyewakuta ni Mama Atim, yuleyule. Kahiu alimvusha mpaka na jina lake. Lakini kuna tofauti naipenda. Mti wa zambarau ni wa kila mtu. Watoto wa mtaa mzima wanaupanda. Ukila zambarau ulimi unabaki zambarau, na kila mtu anajua ulikuwa wapi. Arac de Nyeko aliwaweka wasichana wake mahali pa wazi, pa bure, pa wote. Filamu ilipowahamisha kutoka mtini hadi garini ilipata picha nzuri zaidi, kwa kweli ni picha nzuri sana, lakini ikapoteza lile wazo kwamba walikuwa na haki ya kuwa pale pale kila mtu alipo.

Ni rahisi kusema ni filamu moja tu. Lakini rudi nyuma hadi Stories of Our Lives ya kundi la Nest, iliyoongozwa na Jim Chuchu na kupigwa marufuku Oktoba 2014. Ni vipande vitano vya rangi nyeusi na nyeupe vilivyotokana na simulizi walizokusanya nchini. Katika kipande kimoja kijana anagundua baa ya watu kama yeye jijini Nairobi. Kwa mara ya kwanza anaona chumba kizima kinacheka bila kujibana. Halafu rafiki yake mkubwa anajua, na kinachofuata ni ngumi. Katika kingine mwanamume yuko chumba cha hoteli ughaibuni, ananunua ukaribu kwa saa. Katika kingine mwanamke analala akiota njia za kutoroka. Kazi hii ni ya ujasiri na naiheshimu, na waliotengeneza walilipia. Mmoja wao alikamatwa. Lakini starehe humo ni mlango. Ukiufungua, adhabu iko upande wa pili inangoja.

Iliyonishangaza ni I Am Samuel, filamu ya hali halisi ya Peter Murimi, nayo ikapigwa marufuku Septemba 2021. Nilidhani ndiyo itakuwa nzito kuliko zote, na inaanza kwa uzito. Ina video ya mtu akipigwa, na sina hamu ya kuiona tena. Samuel ametoka kijijini, magharibi mwa Kenya. Babake ni mhubiri anayeuliza ndoa itakuwa lini. Samuel anaishi Nairobi na anampenda Alex. Kamera iliwafuata kwa miaka mitano, na miaka mitano ni mingi mno kwa mtu kuwa katika mateso kila siku. Kwa hivyo filamu inalazimika kuonyesha yale mengine. Watu wanapika. Watu wanataniana. Marafiki wanajazana chumbani kushuhudia wawili hawa wakiahidiana, hakuna pasta wala cheti, na kile chumba ni kidogo kama kile chetu cha Manyatta. Hakuna taa za rangi. Mwanga ni mbaya. Lakini kuna watu wa tatu, wa nne, wa tano, na ndio wanaoifanya ahadi iwe ahadi. Kama ingekuwa kazi yangu kuchagua filamu moja ya kuonyesha mtu namna furaha inavyotengenezwa, ningechagua hii, ingawa Rafiki ndiyo ningeirudia kwa raha ya macho.

Kuna msemo unaoandikwa kwenye kanga na nyuma ya matatu: raha jipe mwenyewe. Nimeuamini miaka mingi. Unafaa sana kwa anayemngoja mume, au mshahara. Kwa watu ninaowaandika hapa hautoshi. Raha zao zinategemea mtu wa kukuwekea meza.

Pale Dunga tulikuwa na mama tunayenunua kwake samaki. Alikuwa anatuita nyiri, wasichana, hata wale miongoni mwetu ambao kwa nywele na mwendo watu wengine waliwaita majina tofauti. Meza yetu ilikuwa ya mwisho, karibu na maji, pale gugumaji linapopiga kando upepo ukigeuka. Jumapili moja wanaume wa meza ya pili walianza. Mwanzo chinichini, halafu kwa sauti, kuhusu nani kati yetu ni bwana na nani ni bibi. Yule mama akaja, akaweka sahani yao chini kwa kishindo, akasema, "Mimi nauza samaki. Anayetaka kesi aende kituoni." Akarudi jikoni. Sijui anafikiria nini kuhusu sisi. Jumapili asubuhi yuko kanisani kama kila mtu. Hatukuwahi kuzungumza hilo neno. Lakini nikiulizwa jamii yetu ilikuwa na ukumbi gani, ukumbi ulikuwa huyo mama.

Halafu 2023 ikaja. Mwaka ulianza na habari za Edwin Chiloba, mwanamitindo aliyeuawa kule Eldoret. Februari Mahakama ya Juu ikaamua kwamba watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao. Uamuzi ulihusu kusajili shirika tu. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, viliendelea kuwepo, na adhabu yake inafika miaka 14. Lakini kelele zilizofuata, ungedhani ndoa zimefunguliwa makanisani. Wahubiri, wanasiasa, vikundi vya WhatsApp vya familia. Mbunge wa Homa Bay Mjini, hapa hapa ziwani, Peter Kaluma, akatangaza mswada wa kulinda familia wenye adhabu kali zaidi. Mei, ng'ambo ya ziwa, Uganda ikatia saini sheria inayofika hadi hukumu ya kifo.

Hakuna aliyekuja kutupiga. Nasema hivi kwa sababu najua mhariri atauliza. Kilichotokea ni kwamba mlinzi wa shule alituambia uwanja haupatikani tena Jumapili, hakusema kwa nini. Wawili wakaacha kuja kwa sababu ndugu zao walikuwa wameanza kuuliza wanaenda wapi. Tukawa watano, tukawa wanne. Huwezi kucheza saba kwa saba na watu wanne. Golikipa wetu, aliyekuwa amebeba ile flashi kwenye soksi, akapata ajenti na kuenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Kazi ingekuwepo hata bila hayo yote, na pesa alizihitaji. Lakini kama Jumapili zingekuwepo, nadhani angefikiria mara mbili.

Hili ndilo jeraha ambalo halina picha. Hakuna damu, hakuna mshtakiwa. Ni wikendi iliyopungua kidogo kidogo hadi ikaisha. Na kwa sababu hadithi zetu zimezoea kuhesabu vipigo tu, hakuna filamu, hakuna ripoti, hakuna makala itakayoandika kwamba Kisumu ilipoteza timu ya mpira. Hauwezi kuona kilichopotea kama hukuwahi kukubali kwamba kilikuwepo.

Ndiyo maana natetea Rafiki hata nikiwa naikosoa. Kahiu alikuwa wa kwanza kutuonyesha kwenye skrini kubwa kwamba kilikuwepo: mpira, paa, densi, rangi usoni. Bodi iliona vizuri kwamba hapo ndipo penye nguvu. Ninachotaka sasa ni filamu itakayofuata, ama hadithi, ama hata wimbo mmoja wa ohangla, ambamo gari halijifichi, meza ina watu saba, hakuna aliye sawa kifedha, na yule mama wa samaki ana jina na sura na kazi yake mwenyewe ya kufanya. Usiniambie hiyo si story.

Golikipa ana mapumziko ya nusu siku, Ijumaa, na si kila Ijumaa. Akipata anatuma ujumbe wa sauti. Haulizi kuhusu mapenzi wala siasa. Anauliza, "Mmecheza?" Kwa muda mrefu nilikuwa nadanganya, nasema ndiyo, tumefunga matatu.

Jumapili iliyopita tulikuwa sita, wawili wapya kabisa, mmoja hajui hata kupiga mpira kwa upande wa ndani wa mguu. Tulicheza kwenye mchanga, watatu kwa watatu, viatu vikiwa magoli. Tukachanga, tukapanda tuktuk. Yule mama alitutazama kwa muda mrefu, akahesabu vichwa kwa kidole, akauliza yule mrefu yuko wapi. Tukamwambia. Akaguna, akaenda akarudi na samaki mkubwa kuliko pesa tuliyokuwa nayo, akasema tutalipa kinachobaki Jumapili ijayo.

Nilimtumia golikipa sauti ya mawimbi na kelele za meza, sekunde kama arobaini. Sikuongeza neno.